Tyubu tatu kwa wiki tano: uchambuzi wa kisa cha bawasiri na dawa ya kupaka

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia kila siku kwenye maduka ya dawa na kliniki, si faili la mgonjwa mmoja.

Mgonjwa ni dereva wa lori, mwanamume wa miaka 43, anayekwenda Dar es Salaam–Tunduma na kurudi. Ana presha, anameza amlodipini miligramu 5 kila siku. Kwa wiki mbili amekuwa akiwashwa kwenye njia ya haja kubwa, na akienda chooni anaona damu nyekundu inayong'aa ikidondoka mara kinyesi kinapotoka, bila maumivu. Akijikamua kuna kinyama laini kinachochomoza, akisimama kinarudi chenyewe. Choo ni kigumu, anakipata kila baada ya siku mbili au tatu. Akiwa safarini hunywa maji kidogo makusudi ili asisimame ovyo njiani, na chakula chake ni chipsi mayai, nyama choma na soda.

Hakumwambia mtu. Kwenye duka la dawa alisubiri wateja wengine waondoke, ndipo akaomba kwa sauti ya chini "dawa ya mgolo", yaani bawasiri. Akapewa tyubu ya gramu 30 yenye lidokaini na haidrokotisoni, akaambiwa apake asubuhi na jioni. Hakuulizwa kama anatoka damu, kama ana presha, wala choo chake kikoje.

Siku nne za mwanzo nafuu ilikuwa kubwa: kuwashwa kulikoma na akalala usingizi. Akaona dawa imemfaa, akaendelea. Wiki ya tatu kuwashwa kukarudi, tena kukali kuliko mwanzo. Akaongeza kupaka hadi mara tano kwa siku, na kila akitawaza akajisugua kwa sabuni ya kuua vijidudu. Wiki ya tano alikuwa anamaliza tyubu ya tatu, na dereva mwenzake alikuwa ameshampa krimu nyingine, ule mchanganyiko wa betamethasoni (steroidi), gentamisini (antibiotiki) na klotrimazoli (dawa ya fangasi) ambao katika nyumba nyingi hupakwa kila kinachowasha. Damu haikuwa imepungua hata kidogo. Hapo ndipo alipokwenda kliniki.

Kilichoonekana

Alipimwa akiwa amelala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Ngozi inayozunguka njia ilikuwa nyekundu, nyembamba, inang'aa, ina mipasuko midogo midogo, na upande wa mapajani kulikuwa na ukingo wenye magamba, dalili ya fangasi. Kwa kidole hakukuwa na uvimbe mgumu wala maumivu makali. Kwa kifaa kifupi cha kuangalia ndani ya njia vilionekana vifuko vitatu vya mishipa vilivyovimba, kwenye namba 3, 7 na 11 ukifikiria uso wa saa mgonjwa akiwa amelala chali. Hizo ndizo sehemu tatu za kawaida. Kwa kuwa vinachomoza na kurudi vyenyewe, ni bawasiri ya ndani ya daraja la pili. Daraja la kwanza havichomozi kabisa, la tatu hurudishwa kwa kidole, na la nne havirudi.

Kipimo cha wingi wa damu kilisoma gramu 12.4 kwa desilita. Kwa mwanamume mzima kiwango cha chini ni 13, maana yake tayari alikuwa na upungufu wa damu. Namba hii ndiyo nzito kuliko zote katika kisa hiki, nasi tutairudia.

Kwa nini dawa ilituliza kuwashwa lakini haikugusa damu

Njia ya haja kubwa kwa mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 4. Katikati yake kuna mstari unaotenganisha aina mbili za ngozi. Chini ya mstari ni ngozi ya nje, imejaa neva za maumivu, mwasho na moto. Juu yake ni utando laini wa utumbo, ambao hausikii maumivu ya kukatwa wala kuchomwa. Bawasiri ya ndani huanzia juu ya mstari, ndiyo maana dereva huyu alitoka damu bila kuumwa. Bawasiri ya nje iko chini ya mstari, nayo huuma, hasa damu inapoganda ndani yake.

Sasa tuangalie tyubu. Lidokaini ni ganzi, inazima neva za ngozi ya nje. Haidrokotisoni ni steroidi hafifu inayopunguza wekundu, uvimbe na mwasho. Mafuta yanayozibeba hulainisha na kuzuia unyevu usiichome ngozi. Zote tatu zinafanya kazi palepale zinapopakwa, yaani kwenye ngozi. Mwasho wa dereva ulitokana na ute na chembe za kinyesi zinazovuja pale vifuko vinapochomoza, kwa hiyo dawa iliutuliza kweli. Damu ilikuwa inatoka juu zaidi, kwenye utando unaokwaruzwa na kinyesi kigumu wakati mishipa imejaa kwa sababu ya kujikamua. Paka nje utakavyo, pale haifiki. Hata ukiisukuma kwa mrija wa tyubu, kinyesi kinachofuata kinaifagia, na kama kinyesi hicho ni kigumu kama cha jana, jeraha linafunguka upya.

Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka wauza dawa na wagonjwa walishike: nafuu ya siku ya nne ilikuwa nafuu ya ngozi. Bawasiri yenyewe ilikuwa palepale, na chanzo chake, choo kigumu, hakikuguswa na mtu yeyote.

Halafu wiki ya tatu. Haidrokotisoni ikipakwa mahali palipokunjana na penye jasho hufyonzwa zaidi kuliko mkononi au mgongoni. Ikizidi siku 7 inaweza kuanza kuipunguza ngozi unene, na ngozi nyembamba huchanika kwa kutawaza tu. Pia steroidi hunyamazisha wekundu wa fangasi huku fangasi wenyewe wakiendelea kutambaa. Betamethasoni ina nguvu kubwa zaidi ya haidrokotisoni, kwa hiyo krimu ya mwenzake iliongeza madhara, na klotrimazoli iliyomo haikufua dafu kwa kuwa ilikuwa inapakwa pamoja na kitu kinachowalisha fangasi. Sabuni ya kuua vijidudu ikamalizia mafuta ya asili yaliyokuwa yamebaki. Mwasho wa wiki ya tano haukuwa tena wa bawasiri, ulikuwa wa matibabu. Kwa kuwa mgonjwa hakujua, kila mwasho ulimrudisha kwenye tyubu.

Hesabu ya tyubu ingetosha kumshtua muuza dawa. Kiasi cha kupaka mara moja ni ukubwa wa punje ya njegere, kama robo gramu. Mara tatu kwa siku ni robo tatu ya gramu. Kwa siku 7 ni zaidi kidogo ya gramu 5. Tyubu moja ya gramu 30 ni nyingi mno kwa kozi nzima. Huyu alimaliza 90 kwa siku 35, yaani zaidi ya gramu 2.5 kila siku, zaidi ya mara tatu ya kipimo. Mteja anayerudi kununua ya pili ndani ya mwezi hahitaji tyubu, anahitaji kuulizwa maswali.

Namna kozi ilivyopaswa kwenda

Kabla ya kuuza chochote kuna maswali machache ambayo hayachukui dakika tatu. Damu imechanganyika na kinyesi, badala ya kudondoka baada yake? Kinyesi kimekuwa cheusi kama lami? Umepungua uzito, au choo kimebadilika bila sababu? Kuna homa, usaha, au maumivu yanayodunda? Maumivu yanakata kama wembe wakati wa kujisaidia na kubaki saa nzima? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya haya linamtoa mgonjwa kwenye kaunta. Damu iliyochanganyika na kinyesi inaweza kuwa saratani ya utumbo, amiba, au kichocho cha tumbo, na kwa mvuvi au mkulima wa mpunga wa Kanda ya Ziwa kichocho ni cha kufikiriwa mapema. Homa na maumivu yanayodunda ni jipu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na jipu halitibiwi kwa krimu. Maumivu ya kukata kama wembe ni mpasuko, ambao una dawa yake.

Uliza pia presha, kisukari, tezi ya shingo, tezi dume na ujauzito. Dereva huyu alibahatika kwa hili moja. Angeweza kupewa tyubu yenye feniliefrini asilimia 0.25, dawa inayobana mishipa, kama iliyomo kwenye Preparation H ambayo ndugu aliyeko Marekani anaweza kuituma kwenye kifurushi. Lebo yake inamtaka mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari, tezi ya shingo au shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume aongee na daktari kwanza. Nyingine zinazopatikana, zenye zinki oksaidi na bismathi kama Anusol ya kawaida, hazina ganzi wala steroidi. Kazi yake ni kukausha na kukinga ngozi, na kwa mwasho mdogo mara nyingi hizi ndizo za kuanza nazo. Tahadhari moja: nyingi zina utomvu uitwao balsamu ya Peru, ambao baadhi ya watu wana mzio nao. Mwasho ukizidi siku ya pili au ya tatu badala ya kupungua, acha.

Kupaka kwenyewe watu hukosea sana, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Wakati mzuri ni baada ya kujisaidia na kabla ya kulala. Tawaza kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, au kwa sabuni isiyo na manukato ikibidi. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba, usisugue. Ngozi ikiwa bado na maji, dawa huteleza na kuishia kwenye nguo. Nawa mikono, chukua kiasi cha njegere, pitisha kwenye mzunguko wa njia kwa safu nyembamba inayobaki kung'aa kidogo. Safu nene haiponyi haraka, inafunga jasho. Ukiambiwa uingize ndani, funga mrija kwenye tyubu, minya hadi dawa itokeze kwenye matundu, paka kidogo nje ya mrija, lala ubavu, ingiza taratibu bila kulazimisha, minya kidogo, toa. Ukikutana na ukinzani au maumivu, simama hapo. Osha mrija kwa maji ya moto na sabuni, na usishirikiane na mtu. Nawa mikono tena kabla ya kugusa macho: ganzi kwenye jicho inakunyang'anya taarifa kwamba kuna kitu kimeingia.

Mafuta ya mgando yaliyomo kwenye marhamu hizi hudhoofisha kondomu za mpira. Hilo muuza dawa alitaje hata kama linaleta aibu, kwa sababu hakuna mteja atakayeliuliza.

Kwa mtu wa barabarani kuna suala la joto. Tyubu iliyoachwa juu ya dashibodi inayeyuka na mafuta hujitenga na dawa. Punje ya kwanza inayotoka inaweza kuwa mafuta matupu. Ikae kwenye begi chini ya kiti, mbali na injini. Vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa ni vibaya zaidi kwa safari, maana vimetengenezwa viyeyuke kwenye joto la mwili, na ndani ya kabini mchana joto hilo hufikiwa kirahisi.

Mara mbili hadi tatu kwa siku, nyingine lebo yake inaruhusu hadi mara nne. Mwisho ni siku 7. Kama hakuna nafuu siku ya saba, au damu bado ipo, tyubu inawekwa pembeni na mgonjwa anakwenda kupimwa.

Sambamba na hayo yote, choo. Bila hili yaliyotangulia ni kupoteza hela. Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, zipandishwe polepole kwa wiki moja au mbili ili tumbo lisijae gesi. Dereva hahitaji chakula cha kigeni. Kwa mama lishe aagize maharage, au makande. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu kama 6 au 7. Pera moja lina kama 3, nusu parachichi 5 na kuendelea. Nyumbani dona badala ya sembe, na mchicha au matembele kila mlo. Maji lita mbili; hilo la kujinyima maji ili usisimame ndilo linalogeuza kinyesi kuwa mawe. Chakula kisipotosha, kuna unga wa maganda ya ispaghula: gramu 3.5 kwenye mililita 150 za maji mara mbili kwa siku, unywe papo hapo kabla haujavimba, na usinywe ukiwa unakwenda kulala. Majaribio yaliyolinganisha nyuzinyuzi na kutotumia chochote yameonyesha kwamba zinapunguza kutoka damu kwa karibu nusu. Kwa damu, marhamu yoyote ya dukani haifikii hapo.

Chooni isizidi dakika tano, simu ibaki nje. Haja ikikuita, itika. Kinyesi kinachosubiri hadi mzani unaofuata hunyonywa maji na kukauka. Jioni, kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Maji matupu yanatosha. Chumvi si lazima, na dawa ya kuua vijidudu isitiwe kabisa.

Vitunguu saumu, dawa ya meno, balmu za menthol na unga wa mitishamba unaochoma visipakwe. Unga unaochoma ndio hatari kuliko vyote: hauchagui bawasiri na ngozi nzima, na kovu linalobaki linaweza kuifanya njia kuwa nyembamba maisha yote au kuharibu misuli inayozuia kinyesi. Tumeandika haya kwa msisitizo kwa sababu madhara hayo hayarudishwi kwa urahisi na upasuaji wowote.

Kliniki ilifanya nini

Krimu zote mbili zilisimamishwa siku hiyohiyo. Sabuni iliachwa. Ngozi ilikingwa kwa zinki oksaidi tupu, na fangasi wa mapajani wakapewa klotrimazoli peke yake, bila steroidi, mara mbili kwa siku. Mgonjwa alionywa mapema kwamba mwasho unaweza kupanda siku chache za mwanzo baada ya kuacha steroidi. Asiyeonywa hilo hurudi kwenye tyubu usiku wa pili.

Upungufu wa damu haukuwekwa mgongoni mwa bawasiri kwa kubahatisha. Mwanamume mwenye upungufu wa damu na damu kwenye haja anahitaji utumbo mpana kuangaliwa, hata kama bawasiri inaonekana wazi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja. Kinyesi kilipimwa, na akapewa rufaa ya kuangaliwa utumbo kwa kamera. Katika kisa hiki hakukuonekana kingine. Vidonge vya madini ya chuma alipewa kimoja kwa siku kwa kupishanisha, siku ya kumeza na siku ya kupumzika, kwa kuwa chuma hufanya choo kuwa kigumu, na kigumu ndicho tunachokikimbia. Alielezwa pia kwamba chuma hukitia kinyesi rangi nyeusi, asije akadhani anavuja damu tumboni.

Baada ya wiki sita mwasho ulikuwa umekwisha na ngozi imerudi. Choo kilikuwa laini, kila siku. Damu ilipungua sana lakini iliendelea kuonekana mara moja moja, ndipo vifuko vikafungwa kwa mpira. Mpira mdogo huvishwa kwenye shina la kifuko, juu ya ule mstari, mahali pasiposikia maumivu, damu hukatika humo, kifuko hunyauka na kudondoka ndani ya siku 5 hadi 10. Ganzi ya sindano kwa kawaida haihitajiki. Uzito wa kuvuta na hamu ya kwenda haja siku mbili za mwanzo ni kawaida. Parasetamoli inatosha, aspirini isitumike. Siku mpira unapodondoka damu kidogo hutoka, na kwa dereva maana yake ni kutopanga safari ndefu wiki hiyo, asije akawa katikati ya Mikumi. Maumivu makali yanayoongezeka, homa, au kushindwa kukojoa baada ya kufungwa ni hatari: aende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, wala asingoje siku ya kliniki.